Sifa za Kelele

Kahawa imesifiwa, senene wamesifiwa, hata ndizi za kuchoma zimesifiwa. Kelele haijawahi kupata msifu, ingawa vikao vya bajeti vinapowadia katika ofisi za Bilele, hapa Bukoba, ndiyo inayogawa fedha za TEHAMA.

Wapo waliojaribu kuipokonya kazi hiyo. Mwaka 1981, Warren McFarlan wa Harvard aliandika kwamba kampuni ipime hatari za miradi yake yote ya kompyuta kwa pamoja, kama mwekezaji anavyopima hisa zake. Ushauri mzuri. Nshomile wetu, yaani msomi wa Kihaya, huufuata kwa jedwali lenye safu za gharama, faida, hatari na uzito, tena kwa rangi tatu. Kisha mkuu wa mauzo anapiga meza, na jedwali linabaki la kufungia senene.

Tena kelele haina ubaguzi wala haiulizi shahada. Mzani wa kompyuta ukigoma msimu wa kahawa, malori yamepanga foleni na madereva wanatukana, boharia aliyeishia darasa la saba anapata fedha kabla jua halijazama. Ofisa TEHAMA mwenye shahada ya pili, anayeomba kwa upole nakala rudufu za data zitunzwe nje ya mkoa, anaambiwa asubiri robo ijayo. Kosa ni lake: kaleta mradi bubu. Nakala rudufu kazi yake ni kungoja siku mbaya, na Bukoba siku hiyo tunaijua. Jumamosi ya 10 Septemba 2016 tetemeko liliua watu, likabomoa na kupasua maelfu ya nyumba. Hapo sitanii.

Kelele ina vyeo. Ya mteja ni ndogo. Ya mkurugenzi aliyerudi semina Arusha na akili mnemba mdomoni ni kubwa: mradi wake hauna gharama iliyoandikwa wala mtu wa kuufanya, lakini tayari ni namba moja. Kubwa kuliko zote ni ya serikali. TRA ilipoleta mashine za EFD mwaka 2010, nani alithubutu kuuliza zitarudisha faida lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ilipoanza kutumika 1 Mei 2023, usalama wa data ukapata sababu ya kutajwa kikaoni bila watu kupiga miayo.

Kisha ikaja 12 Mei 2024. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikazorota nchi nzima. Ombi la njia ya pili ya intaneti, ambalo kwa desturi hulala mkiani mwa orodha, hupata wazazi wengi siku kama hiyo. Mtandao ukirudi, wazazi hutawanyika. Ndiyo dosari pekee ya kelele: haina kumbukumbu.

Kwa hiyo kijana mmoja wa TEHAMA aliponijia na andiko lake la kurasa arobaini kuhusu seva iliyochakaa, nilimwambia aliweke kabatini, aizime seva dakika kumi tu, siku ya mishahara.

“Mzee, si nitafukuzwa?”

“Utafukuzwa, mwanangu. Lakini fungu litakuwa limeshapita.”