Kadi Mbili za Njano

Saa 3 asubuhi ya Ijumaa, walii wa bibi harusi alikuwa amesimama kwenye dirisha la forodha Lunga Lunga, mkononi ana vitabu vitano vya njano, na afisa anamrudishia kimoja kimoja.

“Hizi ni za watu, mzee. Mimi naomba ya gari.”

Walii huyo ni mume wangu. Bibi harusi ni mtoto wa marehemu kaka yake, aliyehamia Likoni, akaoa huko, akafia huko, akaacha watoto wa kike watatu bila wa kiume hata mmoja. Babu yao alishatangulia mbele ya haki miaka mingi. Kwa hiyo wa kumwozesha yule mtoto alibaki mmoja tu, naye ndiye huyo aliyekuwa dirishani. Akdi ilipangwa baada ya Isha, siku ile ile.

Safari hii haikuharibikia mpakani. Iliharibikia nyumbani kwetu Chumbageni, mwezi mzima kabla, na sote tulikuwepo.

Sisi watu wa Tanga, Mombasa hatuiiti ng'ambo. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami, na ukishavuka, kama kilomita 100 hivi unaiona bahari ya Likoni. Wadigo wapo huku na wapo kule, wanazikana na kuozana. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Jasini, kijiji kilichobanwa na mpaka, na dada yake mkubwa aliolewa Vanga, upande wa pili. Mstari uliowatenganisha Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, kuanzia pale pale pwani kwenye mlango wa mto Umba, na wala hawakupita kwa babu zake kumwuliza mtu. Alipokuwa msichana alitoka Jasini asubuhi kwa miguu, akashinda kwa dada yake, akarudi jioni na samaki. Kwa hiyo tulipomwambia kwamba safari hii anahitaji hati, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, “Sawa. Nipelekeni.”

Wasiwasi wetu wote tuliuweka kwake. Ana miaka 71, pasipoti hana, na magoti yanamsumbua. Mume wangu alisema mama ndiye atakayetukwamisha. Basi nikafuatana naye: barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha taifa, picha ndogo za pasipoti ambazo alikataa kupigwa mpaka alipofunga ushungi upya. Mtanzania anayekwenda nchi jirani bila pasipoti anaweza kuomba hati ya dharura ya kusafiria, nayo humtosha kwa safari kama yetu. Aliipata. Siku ile ile aliifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, na toka siku hiyo sikuiona tena mpaka mpakani.

Halafu ikaja vita ya chanjo. Kitabu chake cha homa ya manjano kilikuwa cha mwaka 2009, alipokwenda Uganda, na ndani kimeandikwa kwamba kinakwisha 2019. Mume wangu akashika hapo: kimekwisha, mama lazima achanjwe tena. Mama akashika kwake: hachanjwi. Siku tatu hawakuelewana, chakula kinaliwa kimya. Mwisho nikawachukua wote wawili hadi kwa wauguzi wa chanjo za wasafiri. Muuguzi alikitazama kitabu kwa muda mfupi sana. Akatueleza kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Akaongeza kwamba aliyepita miaka 60 hachomwi chanjo ile ovyo ovyo, kwa sababu madhara yake kwa wazee ni makubwa kuliko kwa vijana. Mama mkwe alikipokea kitabu chake, akakifunga pamoja na hati. Hakumwambia mwanawe neno. Naomba wenye wazazi wa umri ule walishike hili, maana nimesikia wengi wakiwasukuma wazee wao sindanoni bila sababu.

Mtoto wetu mdogo ndiye aliyechanjwa, siku 12 kabla ya safari. Cheti huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo tulikuwa salama kwa siku mbili.

Sasa msikilizeni mume wangu. Wiki moja kabla, niko jikoni nakuna nazi, nikamwuliza kwa sauti akiwa sebuleni: “Kadi za njano zimekamilika?”

“Zimekamilika. Tano zote ziko kwenye bahasha.”

Nikaendelea kukuna nazi. Aliyoyajibu yalikuwa kweli. Vitabu vya chanjo vilikuwa vitano, vimepangwa, vimefungwa mpira. Ila barabarani ipo kadi nyingine inayoitwa kwa jina hilo hilo, na hiyo ndiyo niliyoikusudia mimi, kwa kuwa niliwahi kusikia madereva wa malori wakiitaja. Ni kadi ya njano ya COMESA, bima ya gari linalovuka mpaka. Bima yako ya kawaida, ile yenye stika, mwisho wake ni Horohoro. Ukimgonga mtu Msambweni, haimlipi. Kadi ya njano ndiyo inayomlipa mtu wa tatu upande wa pili, na inasaidia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huo wa bima ilibaki, kwa hiyo kampuni za bima za kwetu hutoa kadi hiyo juu ya bima uliyo nayo. Mimi niliuliza moja, yeye akajibu nyingine, na nyumba nzima ikaridhika.

Tulipata onyo la pili, nalo likatupita. Usiku wa kuamkia safari tulikuwa na mgeni, binti wa mjomba wangu aliyezaliwa Muscat, mwenye pasipoti ya Omani, aliyekuja kutembea na akaomba tufuatane naye harusini. Kiswahili chake ni kile cha bibi zetu, ukimsikia hutajua kwamba hakuzaliwa Ngamiani. Tulipokuwa tunapanga nguo kwenye masanduku alitoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Kenya iliondoa viza Januari 2024, mahali pake ikaweka idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni kabla ya kuondoka. Sisi Watanzania hatuihitaji. Yeye anaihitaji, na alikuwa ameiomba angali Muscat, ameweka picha, pasipoti na anwani ya Likoni atakapolala, kisha akaichapisha nakala mbili kwa hofu ya simu kuzima chaji.

Akamgeukia mume wangu. “Shemeji, na gari lenu limeombewa?”

“Gari lina bima, dada. Bima kubwa.”

Akanyamaza kwa adabu ya mgeni. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimeshika ukaya wa harusi, na sikuuliza zaidi. Aliyetoka mbali alikuwa amejiandaa kama msafiri. Sisi tuliokaa mlangoni pa mpaka tulijiandaa kama watu wanaokwenda sokoni.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Kituo kile sasa ni cha pamoja: ukielekea Kenya husimami Horohoro, unakwenda moja kwa moja hadi jengo la Lunga Lunga, na humo ndani afisa wa Tanzania anayekugongea kutoka na yule wa Kenya anayekugongea kuingia wanakaa ukumbi mmoja. Mambo yalikwenda haraka. Mama mkwe alitangulia. Alifungua pindo la kanga taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili, akatoa hati yake ambayo haikuwa hata na mkunjo, na kitabu chake cha 2009. Afisa alimwamkia shikamoo, akagonga, akamrudishia. Nilitamani marehemu dada yake wa Vanga angemwona. Binamu yangu akapita na karatasi yake, mimi na watoto tukapita. Mume wangu alikuwa hajagongewa, kwa sababu yeye alitaka kwanza kumaliza ya gari.

Na ya gari ndiyo hayo niliyoanza nayo. Kadi ya njano haikuwepo. Nje kulikuwa na wakala wa bima kwenye kibanda, tukadhani yamekwisha. Wakala akaomba kadi ya gari ili aanze kujaza, akaisoma, akamtazama mume wangu, akaisoma tena. Jina si lake. Gari tulilinunua miaka minne iliyopita kwa rafiki yake, mwalimu wa Muheza, tukamlipa mpaka senti ya mwisho, lakini umiliki hatukuuhamisha. Kila mwaka tulisema mwaka huu. Hata bima tulikuwa tunailipa kwa jina la yule mwalimu. Bila barua yake iliyothibitishwa na wakili kwamba ameruhusu gari livuke, bima haikatwi, na forodha haitoi kibali cha gari kuingia kwa muda. Yule afisa wa forodha hakuwa mkali. Alitueleza mara mbili, polepole, na mara ya pili alieleza akimwelekea mama mkwe.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. “Sisi tutangulie. Mtoto hawezi kukaa siku ya leo bila mtu wa kwao. Na wewe, baba, rudi ukalete karatasi yako. Usikimbize gari.”

Tukashusha masanduku mawili na ule mkeka wa rangi alioufuma mwenyewe kwa ajili ya mjukuu wake, tukapanda matatu. Kijana wetu wa miaka 15 aligongewa kurudi akabaki na baba yake.

Siku ya mume wangu nimesimuliwa baadaye na kijana, kwa kuwa yeye mwenyewe mpaka leo haizungumzii sana. Walifika Tanga saa 5. Wakaenda Muheza, kama kilomita 40, wakamkuta mwalimu darasani, wakamngoja. Ikaingia sala ya Ijumaa, wakasali wote watatu msikiti mmoja. Wakarudi naye Tanga kwa wakili, barua ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Kwa wakala wa bima wakapata kadi saa 10 alasiri. Mwalimu yule hakuomba hata nauli ya kurudia. Wakashika barabara ya Horohoro kwa mara ya pili. Nimepiga hesabu: kilomita 210 zilizokwenda bure kwa ajili ya karatasi mbili ambazo zingepatikana kwa asubuhi moja ya siku ya kazi.

Kwetu Likoni, ukumbi ulikuwa umejaa. Bibi harusi ameshapakwa piko, amekaa na mashangazi, kila simu ikiita anainua macho. Nilikaa karibu yake. Kwa mkono wake wa kushoto, ule ambao piko ilikuwa imeshakauka, aliushika upindo wa kanga ya bibi yake na hakuuachia. Ikaingia Magharibi. Ikaingia Isha. Sheikh alisema kwamba walii anaweza kuweka wakala hata akiwa mbali, na kwamba hilo halina kasoro. Mume wangu alipopigiwa simu alikuwa ameshapita Msambweni, akaomba wamsubiri, kwa sababu alimwahidi kaka yake kitandani kwamba mkono utakaoshikana na wa mkwe utakuwa wake. Wakamsubiri. Aliingia msikitini saa 3 kasorobo usiku, shati limemganda mgongoni, akatia udhu, akakaa. Akdi ikafungwa. Mama mkwe, aliyekuwa upande wa wanawake, aliposikia takbiri aliweka paji la uso kwenye mkeka na akakaa hivyo muda mrefu.

Gari sasa lina jina la mume wangu. Tulilihamisha wiki ya pili baada ya kurudi. Kadi ya njano ya gari inakaa kwenye bahasha ya peke yake, imeandikwa GARI kwa kalamu ya wino mzito, na zile za chanjo zinakaa kwenye nyingine iliyoandikwa WATU. Mama mkwe hakukubali kuweka yake humo. Yake bado iko kwenye pindo la kanga.

Ndugu msomaji unayekaa Tanga, Holili, Namanga, Sirari au Mutukula, wewe ambaye ng'ambo ya mpaka ni kwa shangazi yako: usiku huu kabla hujalala, nenda kafungue droo ya dashibodi ya gari lako, usome jina lililoandikwa kwenye kadi.