Babu Namba Tatu

Nyumbani kwetu Kidia, Old Moshi, ukisimama mlangoni ukaita "Babu!" hujui atatokea nani. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na kwa kuwa hakuna mkamwana atakayethubutu kumkaripia mtoto kwa jina la baba mkwe wake, mtoto huyo huishia kuitwa Babu. Sasa wapo watatu: wa kwangu, wa mdogo wangu anayeishi Ujerumani, na wa kitinda mimba wetu. Mama akimtuma Babu mmoja akachote maji, wanatokea watatu, au hatokei hata mmoja. Jambo hili nimelijua miaka yote. Ambalo sikulijua ni kwamba Krismasi iliyopita lingenitia aibu mbele ya ukoo mzima.

Mdogo wangu alishuka na sanduku. Ndani mlikuwa na mabehewa sita, vichwa viwili vya treni, kimoja chekundu kilichotumika na kingine cha kijani ambacho hakijatolewa hata kwenye nailoni yake, reli za kuunganisha, na rimoti yenye kioo kidogo na kirungu cha kuzungusha. Tukaunganisha meza mbili za sebuleni, tukatandika reli, na watoto wakajipanga kama wako kwenye foleni ya pilau.

Baba mkubwa akaja na futi. Huyu alianza kazi reli akiwa kijana, enzi za jumuiya ile iliyovunjika 1977, na mpaka leo akisikia neno "treni" huvaa kofia kwanza. Akapima nafasi kati ya reli na reli: milimita 16 na nusu. Mdogo wangu akamweleza kwamba kila kitu humo kimepunguzwa mara 87. Mzee akaomba simu ya mjukuu, akazidisha, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii si reli yetu. Yetu ni mita moja. Hii ni SGR."

Kweli kabisa: upana wa SGR, milimita 1435, ukigawa kwa 87 unapata hiyohiyo 16 na nusu. Dodoma walianza kupanda SGR mwaka 2024; sisi ya kwetu ilifika sebuleni Kidia bila hata mkandarasi. Mzee hakuishia hapo. Tanga hadi Moshi, kilomita kama 350, kwa kipimo hicho inakuwa kilomita nne, yaani reli ingetoka sebuleni ikapita migombani kwa majirani wote na kuzua kesi za mipaka. Na Kilimanjaro yenyewe ingekuwa na urefu wa karibu mita 68. Mama akasema meza zake haziwezi.

Nieleze chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana aibu yangu imekaa humo. Treni za kuchezea za zamani zilikuwa hivi: ukiongeza umeme relini, chochote kilichosimama juu ya reli kinaondoka. Siku hizi umeme unakaa relini muda wote, na amri za rimoti zinapita humohumo. Kila kichwa kina chipu yenye namba. Ukiita namba 5, wa 5 anaitika, wengine wanauchuna. Mfumo huu ulitengenezwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha chama cha Marekani cha wapenzi wa treni hizi, NMRA, kikaufanya kanuni ya wote. Kwa hiyo ni mara ya pili Mjerumani kutuletea reli. Ya kwanza aliianzia Tanga mwaka 1893, akaishiwa fedha Muheza mwaka 1896 kama mtu aliyeanza msingi kwa hela ya kikoba, akafika Moshi 1911. Hata hivyo hakupanda mlima: reli iliishia bondeni, na jina la Moshi likateremka kuifuata. Ndiyo maana sisi wa juu tunaitwa Old. Baba mkubwa bado hajalisamehe.

Basi mdogo wangu akateremka mjini kununua nyama. Akiwa mlangoni akaniambia, "Kaka, ukitaka kuendesha chagua namba tatu." Hakuniambia kwamba karibu kila kichwa kinatoka kiwandani kikiwa namba tatu.

Watoto wakanisihi: "Baba, weka na cha kijani!" Nikakiweka upande wa pili, kikitazamana na chekundu, nikabonyeza 3, nikazungusha kirungu taratibu kama mtu aliyesomea. Chekundu kikaondoka. Cha kijani nacho kikaondoka. Na katika mfumo huu "mbele" ni mbele ya kichwa chenyewe, si mbele ya reli, kwa hiyo wawili wanaotazamana wakiambiwa "mbele" wanaendeana uso kwa uso.

Nikarudisha kirungu kwenye sifuri. Havikusimama. Waliovitengeneza wamevipa uzito wa kuigiza, vinajivuta kama treni ya kweli yenye mabehewa ya mbolea. Kipo kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu, lakini mkono wangu ulikulia kwenye daladala: nikapiga honi. Vikapiga honi vyote viwili, kwa pamoja, kwa heshima, kisha vikagongana. Cha kijani kikalala ubavu. Chekundu kikaruka kona na kutumbukia ndani ya kata ya mbege ya baba mkubwa.

Mzee alikitoa kwa vidole viwili. Mbege si maji: ina ndizi, ina ulezi, inanata. Nilikaa nusu saa dirishani na sindano ya mama nikidokoa punje za ulezi kwenye meno ya magurudumu, moja, moja, huku povu likitoka kwenye tundu la taa. Kilipokauka kikawaka. Sijui kama kampuni iliyokitengeneza ingeamini.

Baba mkubwa akatangaza sheria. Njia ni moja, kwa hiyo hakuna treni bila kibali. Akachukua mwiko: mwenye mwiko ndiye mwenye njia, wengine wasubiri. Hapohapo nidhamu ikarudi.

Mimi nikajitia ufundi. Kijitabu kilikuwa cha Kijerumani lakini kina picha, nikapata mahali pa kubadili namba. Nikaandika 11, kwa heshima ya 1911, nikabonyeza. Nikaita 11: vikaondoka vyote viwili. Nilikuwa nimevibatiza pamoja, maana vyote vilikuwa relini na vyote vilisikia.

Mama, aliyekuwa akipita na sufuria, akasimama. "Unampaje mmoja jina na mwenzake amesimama hapohapo?" Akanyanyua cha kijani, akakiweka juu ya mfuniko, akaondoka nacho jikoni. Chekundu kikabaki 11. Aliporudisha cha kijani nikatoa chekundu, nikakipa cha kijani 29, kwa mwaka 1929 reli ilipofika Arusha.

Saa tisa, 11 ilikuwa inazunguka na mabehewa yote sita, Babu mdogo kashika rimoti, Babu wa kwangu kashika mwiko, sauti ikatoka jikoni:

"Babu! Leta mwiko wangu, machalari yanashika chini!"

Wakainuka wote watatu. Wa kwanza akaondoka na mwiko, wa pili akamfuata, wa tatu akatoka mbio na rimoti mkononi. Baba mkubwa akaitazama 11 ikija konani bila dereva.

"Treni iko njiani, kibali kiko jikoni," akasema, akaondoa kata yake mezani.