Nani Kalikalia Dirisha Lako?

Hodi, mtani! Chai baadaye, kwanza nikague madirisha. Katika Dar es Salaam hii, ambako Februari shuka huloa jasho kabla hujafumba jicho, dirisha ndilo feni isiyokula umeme. Upepo haununuliwi kwa Luku. Nawe nakukuta umelibandikia fanicha, kisha unalalamika nyumba ina joto! Basi leo tunahesabu kurudi nyuma, vyombo vinane, kuanzia cha kufukuzwa dirishani jioni hii hadi cha kukaribishwa kwa mikono miwili.

8. Kabati la nguo

Fundi wa ujenzi ulimlipa auache wazi ukuta, fundi seremala ukamlipa auzibe. Najua utetezi wako: chumba ni futi kumi kwa kumi, kabati halina pengine pa kwenda. Lakini likishakaa pale, dirisha halifunguliwi tena mpaka siku ya kuhama. Masika yakija, unyevu unaopenya pembeni mwa fremu hunaswa kati ya ukuta na mgongo wa kabati. Mgongo wenyewe mara nyingi ni hadibodi nyembamba: hufura, huota ukungu, na suti ya harusi ikanuka pango la popo. Lihamishie ukuta usio na dirisha, hata kama kitanda kitapungua kutoka sita kwa sita kuwa tano kwa sita. Mtabanana, ndiyo, ila mtapumua.

7. Jiko la gesi

Pazia la jikoni lina tabia ya mcheza ngoma: likipulizwa kidogo tu, linanyoosha mkono hadi kwenye sufuria. Na upepo ukiuzima moto, gesi haizimiki. Inaendelea kutoka kimyakimya. Sogeza jiko hatua moja au mbili pembeni ya dirisha, ili harufu na mvuke vitoke bila upepo kuugusa moto. Hapa sitanii hata chembe.

6. Televisheni

Mchana dirisha ni taa kubwa kuliko zote nyumbani, nawe umeiweka nyuma ya picha! Mboni ya jicho husinyaa kuukabili ule mwanga wa nje, picha ikawa giza, ukaongeza mwangaza wa skrini, kichwa kikagonga. Ukiipeleka televisheni ukuta unaotazamana na dirisha, utaliona dirisha ndani ya skrini, na jirani anayeanika nguo ataingia uwanjani dakika ya tisini bila kuitwa na kocha. Ukuta wa ubavuni ndio wake.

5. Kitanda

Hapa tutagombana, maana walalao kichwa dirishani mjini hapa ni wengi na wana sababu. Kaskazi inavuma tangu Desemba hadi Machi ikitoka kaskazini mashariki. Kusi inapokea zamu ikitoka kusini mashariki. Dirisha linalozitazama pande hizo ni hazina, na mwenye hazina hulala karibu nayo.

Ila panga kwa akili. Elekeza miguu dirishani, kichwa ukiegemeze ukuta mzima. Mvua ya usiku ikipiga mshazari, bora uloe kisigino kuliko sikio. Hakikisha chandarua kinashuka chote mpaka chini ya godoro bila kubanwa na fremu, kwa sababu mbu wa malaria hufanya kazi usiku na hahitaji mlango, tundu linamtosha. Na kuna yule mgeni wa saa tisa usiku, mwenye mti mrefu wenye ndoano: hupitisha mkono kwenye nondo, akavua simu na suruali kama avuaye changu. Usimwekee chambo. Simu ilale mbali na dirisha.

Vile vitanda vyenye egemeo refu la kichwani, lenye vifungo kama kiti cha bwana harusi, vipelekwe ukutani moja kwa moja. Egemeo la futi tano likisimama dirishani ni kabati namba nane lililovaa vizuri.

4. Sofa

Ndilo kosa ninaloliona katika kila sebule ya pili, na linaniuma kwa sababu dawa yake ni futikamba tu. Watu huenda kwa maseremala wa Keko wakaipenda seti kwa rangi, wakapatana bei, wakalipa kianzio, kisha gari likifika nyumbani ndipo wanagundua egemeo linafika katikati ya kioo. Pima kabla hujatoka: kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa dirisha ni kiasi gani? Madirisha mengi niliyopima yanaanzia karibu futi tatu. Sofa za siku hizi, zilizofutuka kama maandazi ya Idi, hufika hapo na kupita. Mwambie fundi apunguze egemeo liishie chini ya ukingo. Mninga haukasiriki ukikatwa inchi nne.

Halafu acha shubiri moja kati ya sofa na ukuta. Shubiri hiyo ni ya mkono wako ufikie komeo, ya pazia lishuke wima, na ya ufagio, maana vumbi la barabarani likishaingia dirishani hutua nyuma ya sofa na kuanzisha kijiji.

Angalia jua pia. Huku karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huinamia kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, lakini dirisha la magharibi huchomwa jioni za mwaka mzima. Kioo cha kawaida hakizuii miale yote ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayofubaza kitambaa na kuchangia kuipasua ngozi. Dirisha likitazama magharibi, tundika pazia zito na geuzageuza mito kila mwezi. Vinginevyo sofa itakuwa ya rangi mbili na utadai ndiyo fasheni.

Sasa utani uketi kando kidogo. Sofa dirishani ni ngazi ya mtoto. Mpwa wangu, miaka mitatu, ghorofa ya tatu, alipanda kwenye mto wa sofa, kisha kwenye egemeo, akaegemea wavu wa mbu akimpungia baba yake mkono. Wavu ule umetengenezwa kwa uzito wa mbu. Mama yake aliliwahi gauni, alhamdulillahi. Kama unaishi ghorofani na dirisha halina nondo, sofa, stuli na sanduku la midoli vyote viondoke pale leo, na kamba za mapazia zifungwe juu asipofika mtoto.

3. Meza ya kujipambia

Kioo ukikiweka mbele ya dirisha, mwanga unakichapa kisogo na uso wako unabaki gizani. Ndiyo maana unatoka umepaka poda ya aina mbili! Meza ikae ubavuni mwa dirisha, mwanga uangukie shavu. Dada zangu wanaopaka wanja kwa mkono mmoja wataelewa haraka.

2. Meza ya kusomea

Hii inakaribishwa. Ni fupi, haizuii kitu, na mwanafunzi anahitaji mwanga kuliko anavyohitaji kelele za kuambiwa asome. Anayeandika kwa mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, wa kushoto apate kutoka kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie neno. Asitazamane na dirisha uso kwa uso, hasa la barabarani. Hesabu za sehemu haziwezi kushindana na muuza ramba ramba.

1. Teremka tukaze

Kile kitanda cha kamba, ndiyo. Kilipewa jina hilo kwa kuwa kamba za usumba hulegea, na aliyelala huambiwa ateremke zikazwe. Hakina egemeo, ni kifupi, mtu mzima mmoja hukihamisha, na upepo hupita hata katikati yake. Kipe mto mmoja tu, mtani, usikigeuze sofa.

Bibi yangu Bagamoyo alikuwa nacho chini ya dirisha la mbele, mbao zake zimeng'aa kwa kukaliwa. Asubuhi alikaa pale na ungo wa mchele mapajani. Watoto wa shule walipita wakiimba shikamoo, na marahaba yake iliwafikia kupitia nondo kabla hajainua macho kwenye ungo.