Trei ya Mayai na Dabi Isiyochezwa

Msomaji mwenzangu, kama nawe una mke mwenye ratiba, mama mkwe mwenye redio na shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka, sogea karibu tuliwazane. Kama huna hata mmoja, shukuru Mungu ulale.

Nianze na baiskeli. Mimi ni fundi samani pale Keko, nyumbani ni Tandika, na mwaka wa nne huu nakwenda kazini na kurudi kwa baiskeli. Si kwa ajili ya afya, ingawa hivyo ndivyo shemeji anavyowaeleza majirani ili tusidharaulike. Ni hesabu ya nauli tu. Yenyewe ni mtumba wa Japani, nyeupe, ya kike, ina kikapu mbele na keria nyuma, na kengele yake inalia kwa adabu kama inaomba radhi. Siku nilipoingia nayo uani shemeji aliitazama, akasema, "Hongera, umeleta Bi Harusi." Jina likaganda. Mke wangu akiona nachelewa asubuhi huniita kwa sauti, "Baba Naima, Bi Harusi anakusubiri nje!" na wapangaji wapya huwa wanatutazama vibaya mpaka waeleweshwe.

Huyo shemeji tunamwita Kocha. Hajawahi kufundisha timu yoyote, ila hakuna jambo ndani ya nyumba yangu asilolipanga akiwa amelala mkekani: nani akateke maji, nani akae wapi, samaki akaangwe upande upi kwanza. Alikuja kwa wiki mbili mwaka 2019. Ni Simba wa kutupwa, wakati mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu, ni Yanga tangu kabla hajavunja ungo. Mama mkwe huyo ndiye Bi Masafa. Redio yake ndogo haimtoki sikioni, na habari ikishapita kwake haina haja ya kuthibitishwa kwingine. Tuna na kijana wa miaka saba, Kwanini, ambaye jina lake la shuleni tumeanza kulisahau.

Sasa njoo Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025. Siku hiyo mambo matatu yalikuwa yamepangwa kuangukia kichwani mwangu kwa pamoja. La kwanza, tulikuwa katika wiki ya kwanza ya Ramadhani. La pili, ilikuwa Siku ya Wanawake Duniani, na Mama Ratiba (usimwambie kwamba namwita hivyo) alikuwa na wenzake wa kikoba, wameshona vitenge vya sare. La tatu, usiku wake Simba na Yanga walikuwa wakutane Uwanja wa Mkapa.

Alfajiri, baada ya daku, nikakuta karatasi imebandikwa kwenye friji. Juu imeandikwa "LEO NI SIKU YETU". Chini yake: nazi tatu, tende, na trei moja ya mayai ya kuchukua kwa dada yake, anayefuga kuku wa mayai jirani na karakana yetu. Bi Masafa na wageni wanakuja kufuturu, wameahidiwa katlesi na mkate wa sinia, Naima atapika, mimi niwahishe vifaa. Nikauliza, "Mama Naima, unajua leo kuna mechi?" Akasema, "Wewe unacheza namba ngapi?"

Nikanyamaza, nikapanda Bi Harusi.

Wasiokaa Temeke nitawaelezea kidogo. Uwanja wa Mkapa, ambao wengine bado tunauita Taifa, umekaa katikati ya njia yangu kama mfupa kooni. Natoka Keko, napita Chang'ombe, nazunguka karibu na uwanja, navuka Mandela, naingia Temeke mpaka Tandika. Siku za kawaida ni mteremko wa raha. Siku ya mechi kubwa watu 60,000 wanataka kuingia pale, na hapo hujahesabu wauza karanga, wauza jezi na wale wasio na tiketi wanaokwenda kusikiliza kelele. Sibishi kwamba barabara zifungwe. Mimi mwenyewe nilikuwepo Oktoba 20 ya mwaka 2023, Simba walipofungua ile African Football League na Al Ahly wakatoka 2-2, na nilikokota baiskeli katikati ya umati ule mpaka pedeli ikanichuna muundi. Lakini sikiliza matangazo ya kufunga barabara. Wenye magari wanaelekezwa pita huku tokea kule. Daladala zinapangiwa pa kugeuzia. Waenda kwa miguu hawahitaji kuambiwa, wanapita tu. Mwenye baiskeli? Hatajwi hata kwa bahati mbaya. Si gari, si miguu. Ni kama mtoto wa kambo kwenye hesabu ya mirathi.

Nilitoka kazini alasiri. Trei nikaiweka kwenye kikapu, nikaifunga kwa mpira wa tyubu pande zote nne, na simu nikaitia chini ya trei isije ikaibiwa kwenye msongamano. Hapo ndipo nilipoanza kujimaliza, ila sikujua.

Nafika Chang'ombe, kamba imefungwa. Kijana wa doria akanyanyua mkono.

"Imefungwa, mzee."

"Nimeona, afande. Lakini waliotangaza walisema vyombo vya moto. Hiki hakina moto."

Akaitazama Bi Harusi kuanzia kikapu mpaka keria, bila haraka. "Ukivuka hiyo kamba utauona moto wake."

Naye alikuwa amefunga, midomo imekauka kama yangu, kwa hiyo sikumchukia. Nikashuka. "Basi nikokote. Nikikokota, mimi si ni mtembea kwa miguu?"

"Wewe ndiyo," akasema. "Yeye je?"

Niambie, msomaji, ungejibu nini? Wazee wawili waliokuwa wamekaa barazani wakacheka mpaka mmoja akaomba Mungu asamehe kicheko chake cha mchana wa Ramadhani. Nikageuza.

Kugeuza maana yake ni kukata vichochoro kwenda Barabara ya Kilwa, upite Uhasibu, ushuke mpaka Mtoni kwa Aziz Ali, halafu ndiyo upinde kulia kurudi Tandika. Yaani unazunguka mtaa wote ili ufike mlango wa pili wa nyumba uliyokuwa umesimama mbele yake. Na njia ile siku ile ilikuwa na kila kitu: bodaboda zenye bendera, pikapu imebeba vijana wa kijani na njano wanapiga vuvuzela, nyuma yao Noah ya wekundu. Nilikuwa nimevaa shati jekundu la kazini, na gunia la nazi kwenye keria lilikuwa la kijani, kwa hiyo nilizomewa na pande zote mbili kwa usawa.

Kabla ya Uhasibu, nikasikia ile sauti ambayo mwendesha baiskeli anaijua hata usingizini. Fsss. Tairi la nyuma.

Fundi baiskeli wa pale kwenye mwarobaini nilimjua. Nilikuta benchi, bomba la pampu na mwanawe wa miaka kama kumi. "Baba kaenda mpirani." Mtoto yule akaipindua Bi Harusi (mayai niliyashika mimi, mikono miwili, kama nashika pacha wachanga), akang'oa tairi kwa vijiko viwili vya kulia, akaipitisha tyubu kwenye karai la maji kidogo kidogo mpaka vipovu vikatoka. Akakausha kwa kanga, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akasubiri. Ndipo nilipomheshimu: alisubiri gundi ikauke, jambo ambalo baba yake hajawahi kufanya. Kiraka kikashika. Lakini jua nalo lilikuwa linashuka, na tangu hapo nikawa naendesha kama mwizi, na barabara ya pembeni ina mashimo, na kila shimo nilisikia kwenye kikapu mlio mdogo, kama mtu anayevunja vidole vyake.

Adhana ya Magharibi ilinikuta Mtoni kwa Aziz Ali.

Hapo, kusema kweli, kuna jambo zuri. Nje ya msikiti vijana walikuwa wamesimama barabarani na masinia ya tende na vikombe vya uji, wanamsimamisha kila apitaye. Nikafungua swaumu nimeegemea usukani. Kulia kwangu kijana wa jezi nyekundu alikuwa anamfungulia mwenzake wa kijani chupa ya maji, kwa sababu yule mikono yake ilikuwa imejaa tende. Nikawauliza, "Sasa nyie, mechi mtaiwahi?"

Wakanitazama kwa huruma. "Mzee, wewe ulikuwa wapi? Mechi imeahirishwa. Tangazo limetoka tangu alasiri."

Nikaitoa simu chini ya trei. Ilikuwa imelowa ute wa yai. Miito 14, yote ya Mama Ratiba, na ujumbe mmoja: "MECHI HAKUNA. PITA BARABARANI KAWAIDA."

Nilipofika nyumbani futari ilikuwa imeshapita. Aliyekaa mahali pangu, anajichokonoa meno, ni Kocha. Alikwenda uwanjani na tiketi yake mfukoni, akaambiwa mechi hakuna, akapanda bodaboda. "Na tumepita pale pale Chang'ombe, shemeji," akasema. "Barabara nyeupe! Nilikuwa nakutafuta kwa macho njia nzima."

Tulihesabu mayai uani kwa taa ya simu, familia yote imechutama. Naima ndiye aliyekuwa karani. Katika 30, mazima yalikuwa 11. Mengine 7 yalikuwa na nyufa, Bi Masafa akasema hayo ni mazima ya kuliwa leo. Yaliyobaki tusiyataje. Wageni walikuwa wamefuturu muhogo wa jana.

"Baba," akasema Kwanini, "kwa nini hukupita barabarani?"

"Ilifungwa."

"Kwa nini ilifungwa?"

"Kwa sababu ya mechi."

"Mechi ipi?"

Nikamwomba akalale.

Bi Masafa ndiye aliyefunga mjadala, redio mapajani. Yeye alikuwa na maelezo yake, nayo hayakuhusu kanuni wala mazoezi ya mkesha ambayo Simba na Yanga waliyagombania mpaka mechi ikaahirishwa. "Mwanangu, tatizo ni tarehe nane. Hukumbuki Mei nane ya 2021? Ramadhani vile vile. Wakasogeza mechi kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, Yanga wetu wakaja saa kumi na moja, wakakaa wee, wakaondoka zao. Simba wakaja usiku wakakuta nyasi." Kocha akataka kutetea, mama yake akampandishia sauti ya redio. Nilikwenda kutazama kalenda baadaye. Kikongwe yule hakosei: nane na nane, Ramadhani na Ramadhani, zote mbili Jumamosi, zote mbili mpira haukuchezwa siku yake.

Mechi ile ya Machi ilichezwa hatimaye Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, na Bi Masafa akahamia kwetu wiki nzima ili mwanawe asikose wa kumkumbusha. Siku hiyo niliiacha baiskeli nyumbani. Kisha Agosti 2 ikaja CHAN, ufunguzi pale pale kwa Mkapa, Taifa Stars ikaichapa Burkina Faso 2-0, na karatasi kwenye friji ikasema "MKAA". Mkaa unavumilia mashimo. Nilipita kwa Aziz Ali bila hata kuuliza kamba iko wapi, nikafika mweusi lakini mzima. Mama Ratiba alinipokea gunia, akalitikisa, akasema, "Umeanza kujifunza." Katika miaka 16 ya ndoa hiyo ndiyo sifa yangu ya pili, na ya kwanza nilipewa nikiwa mgonjwa.

AFCON ya 2027 nayo tumepewa, sisi, Kenya na Uganda. Mama Ratiba ameshapiga mstari kwenye kalenda. Ndugu zangu mnaoandika matangazo ya kufunga barabara, sina ugomvi nanyi, nawaomba sentensi moja tu: baiskeli zipite wapi. Hata ikisema zisipite kabisa, nitaibandika kwenye friji, juu ya ile karatasi nyingine, nione nani atanituma mayai.