Kilo za Siku ya Mnada
Ulaya, fundi wa pikipiki za porini hagusi shokapu za mbele kabla ya kumuuliza mwendeshaji ana kilo ngapi. Ndipo achague springi na kupanga visahani vyembamba vinavyobana njia ya oili. Muulize hivyo bodaboda wa Haydom. Kilo za lini, bosi? Za mishikaki ya abiria watatu, au za siku ya mnada, gunia la mahindi nyuma na mbuzi juu ya tangi? Basi fundi wetu hapimi mtu. Anamwaga oili nyepesi, anatia nzito ya injini, na juu ya springi anapachika kipande cha bomba. Shokapu inakuwa ngumu kama mtwangio; makorongo ya barabara ya Mbulu abiria anayahesabu kwa kiuno. Nauli nayo imepanda: chombo kimeboreshwa.