Muulize Mjomba: Miche Yangu Inakula Nyama

Mjomba, shikamoo. Naishi Nyabugogo, kilimani juu ya gare ya mabasi. Dada yangu aliyeko Ubelgiji alinitumia mbegu za Drosera, ule mmea unaonasa wadudu. Zimechipua kwenye kopo ndani ya chumba, lakini miche inageuka myeusi. Nainywesha maji ya bomba, tena ya kuchemsha, na nimeipa brosheti. Nifanyeje?
Mlezi Aliyechoka

Marahaba, mwanangu. Katika barua nzima umefanya jambo moja tu la busara: kuniandikia mimi.

Brosheti isikutie aibu. Charles Darwin naye aliilisha Drosera nyama ya kuchoma na ute wa yai la kuchemsha, akaandika kitabu kizima mwaka 1875. Ila yake ilikuwa imekomaa. Wako mmoja unakaa juu ya kichwa cha pini na nafasi ya mgeni inabaki. Tena Darwin hakutia pilipili. Kitabu chake nilikimaliza usiku mmoja, umeme umekatika, na niliona mahali pengi ambapo angenufaika kuniuliza.

Kosa lako ni maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvichumvi haziendi popote. Mvuke ukishatoka, ndiyo kwanza zinakolea. Mimea hii kwao ni vinamasini, kwenye udongo usio na rutuba, ndiyo maana ikajifunza kuwinda. Ukiipa madini au mbolea unaiunguza mizizi. Inataka maji ya mvua. Juzi mvua iliponyesha nilisimama katikati ya gare na sufuria ya harusi kichwani. Abiria wa Musanze walinipisha, wakidhani nimebeba kitu cha thamani. Nilirudi na lita nne na heshima. Nawe weka akiba, maana kuanzia Juni hadi Agosti mbingu ya Kigali hufunga duka.

Wala usimwage kwa juu. Toboa kopo chini, likalishe kwenye sahani yenye maji, miche inywe yenyewe. Hapa namkumbuka yungiyungi wetu wa Mashyuza, Nymphaea thermarum, mdogo kuliko yungiyungi wote duniani, aliyetoweka kwenye chemchemi yake ya moto mwaka 2008. Kule bustani ya mimea ya Kew, London, bwana Carlos Magdalena alizamisha miche yake majini kama ya yungiyungi wengine, ikamfia. Alipoiweka kwenye udongo uliolowa, maji yakiishia usawa wa udongo, ikapata hewa ukaa ya kutosha, ikakua hadi kuchanua. Majirani zangu ni mashahidi: siku zote nasema hakuna mtoto anayependa kuoshwa uso. Januari 2014 mwizi akaiba mmoja palepale Kew. Kwangu hajaja mwizi wa mimea hata siku moja. Ama wananiogopa, ama hawana elimu, sijaamua.

Kuna watakaokwambia ufunike kopo kwa mfuko wa plastiki ili unyevu usitoroke. Mfuko! Katika Rwanda iliyoupiga marufuku tangu 2008! Geuza glasi juu ya kopo, na ukiona ukungu umeanza kuota, iondoe. Mke wangu aliitafuta glasi yake ya chai siku tatu, nami nikamsaidia kutafuta.

Halafu vumbi. Mabasi ya Nyabugogo unayajua, na ulimbo wa mmea huu hauchagui. Niliazima lenzi ya fundi saa nikalitazama jani la mche wangu: vinywele vyekundu, kila kimoja na tone lake kama chozi la mtoto aliyenyimwa mandazi. Kwenye tone moja usubi amenasa miguu mitatu, mitatu mingine inapiga makasia. Pembeni punje ya vumbi la barabara, nayo imekumbatiwa kwa matumaini makubwa.

Nilitaka kukusimulia nilivyomfundisha adabu daktari mmoja wa mimea, lakini mhariri ananionyesha saa. Haya, upesi: ng'oa iliyooza, iliyobaki ihamishie kwenye mboji ya kinamasi isiyotiwa mbolea, iliyochanganywa na mchanga uliooshwa, dirisha la mashariki. Chakula cha samaki wa mapambo kisage kiwe vumbi, toa chembe moja kwa ncha ya kijiti cha meno, tena si kila siku. Brosheti kula mwenyewe.

Nawe wa Remera, mwenye kasuku anayemtukana mwenye nyumba, subiri wiki ijayo. Huyo kasuku nahisi ana hoja.