Fadhila za Ndizi na Chungwa

Mahasidi hawaachi kunena kwamba mwaka 2005, tulipoitwa sisi watu wa Kenya kuipigia kura rasimu ya katiba, wengi wetu hatukufunua hata sahifa yake ya kwanza. Nami nauliza, ya nini kujitaabisha, ilhali kitabu kizima kilikwisha kufupishwa kikawa ndizi kwa akubaliye na chungwa kwa akataaye? Jirani yangu, Mola amzidishie busara, alikuwa wa ndizi hadi alasiri. Kiongozi wa kabila lake alipohamia chungwani, ilipoadhiniwa magharibi yeye alikuwa keshawatupia mbuzi mkungu mzima, maganda kwa nyama, akitubainishia kwa sauti ya kadhi kasoro za ibara asizozisoma. Ndiyo ilmu hiyo: itikadi kwanza, dalili baadaye, mfano wa fundi hodari aezekaye paa, kisha akaenda kuulizia bei ya mawe ya kuta.

Chungwa likashinda. Mwaka 2007, likiwa limekwisha kuwa chama cha siasa, likapasuka vipande viwili, na jirani, alipokwisha kuarifiwa kipande chake ni kipi, hoja alizikuta tayari zikimngoja barazani.